Panya wa Profesa Yoshida

Mwaka wa kwanza niliwacheka sana wenzetu wa baiolojia na panya wao. Kisha shangazi akafariki kwa saratani ya ini iliyokwishasambaa, ndipo nikamsoma Tomizo Yoshida.

Alizaliwa Japani mwaka 1903. Mwaka 1932, akiwa Tokyo na mwalimu wake Takaoki Sasaki, alionesha kwamba panya wakilishwa kemikali fulani ya rangi kwa miezi, hupata saratani ya ini. Mwaka 1943, Nagasaki, akapata seli za saratani zinazoelea kwenye majimaji ya tumbo la panya. Zikihamishiwa panya mwingine, zinaota. Baadaye akapata na za ini. Watafiti wakaanza kufuatilia zinavyosambaa.

Alifariki 1973. Jamani, nikipita maabara siku hizi, sicheki.