Georg Ohm: Mwana wa fundi wa vitasa aliyeupa umeme hesabu yake

FUNDI wa umeme wa Malindi au Kilifi anapofungua soketi iliyoliwa na chumvi ya bahari, kifaa chake cha kupimia humwonyesha idadi ya omu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hilo ni jina la mtu: Mjerumani Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule ambaye hesabu yake fupi ilimfikisha mahali pa kuacha kazi.

Ohm alizaliwa Machi 16, 1789 mjini Erlangen. Baba yake alikuwa fundi wa vitasa ambaye hakuwahi kukanyaga chuo, lakini alijifunza hisabati mwenyewe na kuwafundisha wanawe nyumbani. Mama alifariki Georg akiwa na umri wa miaka 10. Alipoingia chuo kikuu mwaka wa 1805, kijana huyo alipenda dansi na biliadi kuliko vitabu. Mzee alikasirika, na baada ya mihula mitatu akamtoa chuoni. Georg alikwenda Uswisi kufundisha hisabati. Alijipatia shahada ya udaktari mwaka wa 1811, akatangatanga katika kazi zenye ujira mdogo, hadi alipoajiriwa mwaka wa 1817 katika shule moja ya Köln iliyokuwa na maabara nzuri.

Betri ilikuwa uvumbuzi wa juzi tu, na vipimo vya volti na ampea havikuwapo. Ohm alijiuliza swali ambalo leo laonekana dogo: waya ukirefushwa, mkondo wa umeme hupungua kwa kiasi gani? Jaribio lake la kwanza halikufaulu. Nguvu ya betri za siku hizo ilipanda na kushuka, na kanuni aliyoichapisha mwaka wa 1825 ikawa na kasoro.

Aliyemwokoa ni Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, aliyemshauri aachane na betri. Mwaka wa 1826 Ohm aliunganisha madini ya bismuthi na shaba, kiungo kimoja akakitia katika maji yanayochemka na cha pili katika barafu. Maadamu joto na baridi havikubadilika, umeme ulitoka kwa nguvu ile ile. Kisha akaunganisha, mmoja baada ya mwingine, nyaya nane za shaba zenye unene sawa na urefu tofauti, akitazama jinsi mkondo ulivyoisukuma sindano ya sumaku. Uzuri wa kazi hiyo ulikuwa hasa katika subira ya kupata chanzo kisichoyumba. Hesabu ilifuata yenyewe.

Kanuni iliyopatikana ni hii: gawanya volti kwa ampea, utapata ukinzani, yaani kiasi ambacho waya au kifaa kinauzuia mkondo. Pasi inayovuta ampea 5 kutoka umeme wa volti 240 ina ukinzani wa omu 48. Ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu inayotumika, wati 1,200. Hesabu hii ya pili ilikamilishwa na wengine, hasa Mwingereza James Joule, aliyeonyesha mwaka wa 1841 kwamba joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo.

Kwa mkazi wa pwani jambo hili si la darasani pekee. Kiungo cha waya kilichopata kutu kikiwa na ukinzani wa nusu omu, na nyumba ikivuta ampea 10, volti 5 hupotea hapo. Taa haitaonyesha tofauti kubwa. Lakini volti 5 mara ampea 10 ni wati 50 za joto katika mahali padogo kama ncha ya kidole, na juu yake huenda pana paa la makuti.

Ohm alieleza nadharia yake katika kitabu kilichotoka Berlin mwaka wa 1827, akitarajia kingemfungulia mlango wa chuo kikuu. Mambo yakawa kinyume. Wasomi kadhaa wa Ujerumani hawakuona fizikia ikihitaji hisabati ya namna ile, na mmoja wao, Pohl wa Berlin, alikishambulia vikali. Mwaka wa 1828 Ohm alijiuzulu Köln. Kwa miaka mitano mtu huyu aliyekwisha kuigundua kanuni hiyo alijikimu kwa vipindi vichache vya hisabati mjini Berlin, hadi chuo cha ufundi cha Nürnberg kilipomchukua mwaka wa 1833.

Heshima ilianzia ugenini. Mwaka wa 1841 Chama cha Kifalme cha Uingereza kilimtunuku Nishani ya Copley, na ndipo nyumbani wakaanza kumtazama upya. Cheo cha profesa kamili wa fizikia alikipata Munich mwaka wa 1852, akiwa na miaka 63. Hakuwahi kuoa. Aliaga dunia Julai 6, 1854, miaka miwili tu baada ya kupata kile alichokitafuta ujana wake wote.

Mwaka wa 1881 wataalamu wa mataifa mbalimbali walikutana Paris kukubaliana juu ya vipimo vya umeme. Volti iliitwa kwa heshima ya Mwitaliano Volta, ampea kwa Mfaransa Ampère, na kipimo cha ukinzani kikapewa jina la mwana wa fundi wa vitasa.