MZEE BAKER: INJINIA ALIYETAKA CHUMA KIPINDE ILI WATU WAPONE

Tumezoea kusoma maisha ya wanasoka na wanamuziki, leo nawaletea injinia. Msikimbie kwanza! Huyu mzee ameokoa watu wengi kuliko majenerali kibao ninaowajua, na silaha yake ilikuwa meza.

Jina lake John Fleetwood Baker, Mwingereza, amezaliwa mwaka 1901, akasoma Cambridge. Ujanani alifanya kazi kwenye zile puto kubwa za kusafiria angani, halafu akahamia kwenye majengo ya chuma. Kuanzia 1930 hivi alikuwa mtaalamu wa kamati moja iliyopewa kazi ya kuchunguza namna Waingereza wanavyokokotoa fremu za majengo.

Hapo ndipo utamu ulipoanza. Baker na wenzake hawakukaa ofisini na karatasi. Walikwenda kwenye majengo halisi, hoteli moja ikiwemo, wakafunga vipimo kwenye boriti na nguzo. Majibu yaliyotoka yakawa hayafanani kabisa na hesabu za vitabuni! Msingi ukititia kidogo tu, au bolti zikikazwa tofauti, nguvu ndani ya chuma zinabadilika vibaya sana. Lakini majengo yenyewe yamesimama, hayana habari. Mwingine angeficha matokeo. Yeye aliona kwamba swali lenyewe ndilo bovu.

Mainjinia wa wakati ule waliuliza: ni lini sehemu yoyote ya chuma itafika kikomo chake? Ikifika tu, wanasema basi. Baker akauliza swali jingine: jengo litaanguka lini?

Chukua waya mgumu, upinde kidogo, uachie. Unarudi. Pinda zaidi, haurudi tena, ila haujakatika, bado unabeba. Hiyo hali ya pili ndiyo wataalamu wanaita plastiki (siyo plastiki ya ndoo jamani). Sasa boriti iliyoshikwa imara ncha zote mbili na kubeba mzigo uliosambaa sawasawa, huanza kulegea kwenye ncha. Pale inapolegea inakuwa kama bawaba ya mlango, bawaba yenye kutu inayozunguka kwa shida. Haianguki, mzigo wa ziada unahamia katikati. Mpaka bawaba ya tatu itokee katikati, ndipo inashuka. Kama ncha zilifika kikomo kwenye mzigo wa 100, kuanguka ni kwenye 133 hivi, na hapo bado sijahesabu akiba iliyomo kwenye umbo lenyewe la chuma.

Kusema haki hakuwa wa kwanza kuliona hilo. Mhungaria Gábor Kazinczy alikuwa ameshapima boriti za namna hiyo mwaka 1914. Ila Baker, akiwa profesa Bristol tangu 1933, ndiye aliyeng'ang'ana mpaka ikawa njia ya kusanifu majengo mazima.

Vita ikafika. Mwaka 1939 Baker akachukuliwa kuwa mshauri wa kisayansi kwenye wizara iliyohusika na usalama wa raia. Mabomu ya Wajerumani yakaanza kunyesha, na watu wengi hawakuwa na bustani ya kuchimbia handaki. Wengine walikuwa nalo lakini wamechoka kulala kwenye baridi na maji. Watu walitaka kulala ndani ya nyumba zao. Sasa nyumba ya ghorofa moja ikimporomokea mtu, utamkinga na nini?

Ukitaka kinga isiyopinda hata kidogo, utahitaji chuma kizito ambacho sakafu ya mtu wa kawaida haiwezi kukibeba, na vita inakimaliza chuma chote. Baker akatumia bawaba zake. Akasanifu meza ya chuma, urefu kama mita 2, upana mita 1.2, kimo sentimita 75, pembeni wavu. Mchana mnalia chakula, usiku mnaingia chini yake kulala. Nyumba ikianguka, meza inapinda, na katika kupinda kule inameza nguvu ya kile kifusi. Inaruhusiwa kuharibika kabisa, mradi tu isimfikie aliyelala. Meza ilikuwa ya kutumika mara moja tu, na hiyo moja inatosha!

Zilianza kugawiwa Machi 1941, familia za kipato kidogo bure, na mpaka mwaka unaisha zilishatoka zipatazo 500,000. Zikapewa jina la waziri, Morrison. Waziri anapata jina, injinia anapata kazi, ndiyo dunia. Katika uchunguzi mmoja wa nyumba 44 zilizobomoka vibaya zikiwa na watu 136 ndani ya meza hizo, walikufa 3 na kuumia vibaya 13. Waliobaki 120 walipona au wakachubuka tu. Fikiria 120 wale ni watoto wa nani.

Mwaka 1943 akarudi Cambridge kuongoza uhandisi mpaka 1968. Mwaka 1948 kanuni za Uingereza zikaruhusu usanifu wa plastiki. Akapewa usir 1961, ubwana wa bungeni 1977, akafariki 1985.

Siku hizi kazi ya kutafuta bawaba inafanywa na programu kama Abaqus na Ansys. Zinakatakata umbo zima vipande vidogo vidogo (fainaiti elementi), unaipa nguvu ambayo chuma hulegea, mfano niutoni 275 kwa milimita mraba, halafu unaongeza mzigo hatua kwa hatua. Mzigo ukigoma kupanda huku boriti inazidi kushuka, hapo ndipo kuanguka. Shida ni kwamba programu ikigoma, inaweza kuwa jengo limeanguka kweli, au wewe umekosea kufunga ncha. Skrini haikwambii ni lipi. Na nimeona vijana wakiona rangi nyekundu kwenye kona moja wanaongeza chuma haraka haraka, swali lile lile la kabla ya Baker! Hesabu ya bawaba tatu inaingia kwenye karatasi moja, unailinganisha na jibu la mashine ndani ya dakika kumi.

Wadau mnaosoma uhandisi, hivi huko vyuoni mnaanza na hiyo karatasi au mnarukia programu moja kwa moja? Tupeni habari hapo chini.