Kenyatta, Lodwar na Maradhi ya Kesho

Walimu hawachoki kuwakumbusha wanafunzi kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Mwanafunzi huitikia, kisha huiahirisha insha hadi usiku wa kuamkia siku ya kuikusanya. Aghalabu kinachomzuia si uvivu bali woga: achelea kuanza jambo litakalomshinda, na kila alisogezapo mbele hupata nafuu ya kitambo inayomzoeza kulisogeza tena. Maisha ya hayati Jomo Kenyatta, aliyefariki Agosti 22, 1978, yanayaangaza maradhi haya.

Katika miaka ya 1930 Kenyatta aliishi Uingereza, ameelemewa na madeni na siasa. Huenda kitabu kizima kingemtisha. Lakini katika semina ya Profesa Bronislaw Malinowski mjini London ilimpasa kuandaa makala, moja baada ya nyingine, na kuzisoma mbele ya wenzake. Makala hizo ndizo zilizozaa Facing Mount Kenya mwaka 1938.

Alikamatwa Oktoba 20, 1952, akahukumiwa kifungo cha miaka 7 na kupelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Lodwar. Kwa sababu ya umri wake alipewa kazi ya kuwapikia wafungwa wenzake. (Jiko, kama ajuavyo kila mpishi, halina kesho.)

Aprili 1959 kifungo kilikwisha. Badala ya kumwachilia, serikali ya kikoloni ilimhamishia Lodwar, akazuiliwa humo. Hapo yafaa tutofautishe kungojeshwa na kuahirisha. Wanafunzi wa Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, waielewa vyema tofauti hiyo, kwani wengi hungojea uamuzi wa ofisi za mbali. Kenyatta alingojeshwa. Mwenye kuahirisha alikuwa Gavana Patrick Renison, aliyemwogopa. Mei 1960 chama cha KANU kilimchagua rais wake, serikali ikakataa. Februari 1961 KANU ikashinda uchaguzi, ikagoma kuunda serikali bila yeye. Machi, wajumbe wa KANU na KADU wakamfuata Lodwar. Aprili akahamishiwa Maralal: nusu hatua, mithili ya mwanafunzi apigaye mistari daftarini, akaandika kichwa cha insha, kisha akaiweka kalamu.

Agosti 1961 Kenyatta akawa huru. Miaka 2 baadaye, Agosti 1963, akiwa Waziri Mkuu, alisimama Nakuru mbele ya walowezi waliokuwa wakimhofu, akawasihi wabaki na kuendelea kulima.