Moïse Tshombe na Nchi Isiyotambuliwa

Kila tarehe 30 Juni tunapokusanyika, jina la Moïse Tshombe halikosi kutajwa. Baadhi ya wazee wetu humwita baba wa Katanga, wengine humwita msaliti. Watoto waliozaliwa huku ugenini huuliza alikuwa nani. Tunawaandikia hapa kwa ufupi.

Alizaliwa Novemba 1919 Musumba, kwa Walunda. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri, na mkewe alikuwa binti wa Mwaant Yav, mfalme wa Walunda. Mwaka 1959 alikuwa rais wa chama cha Conakat.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Ikawa na bendera, pesa, stempu na jeshi. Hakuna taifa hata moja lililoitambua rasmi. Ilisimamaje basi miaka miwili na nusu? Kampuni ya Union Minière, iliyochimba shaba, ilimlipa yeye kodi badala ya kuilipa serikali ya Léopoldville. Maafisa wa Ubelgiji waliongoza askari wake, na mamluki wakaajiriwa. Sisi wauguzi tunamjua mgonjwa wa namna hiyo: kifua kinapanda na kushuka, lakini inayopumua ni mashine.

Wananchi ndio walioumia. Lumumba alipelekwa Katanga akauawa tarehe 17 Januari 1961. Baluba wa kaskazini waliokataa kujitenga walichomewa vijiji. Baluba wa Kasai walioishi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kwa maelfu.

Januari 1963, askari wa Umoja wa Mataifa waliingia hadi Kolwezi, na Katanga ikaisha. Tshombe alikwenda uhamishoni, akarudi Julai 1964 kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima, akaondolewa Oktoba 1965. Tarehe 30 Juni 1967, siku yetu ya uhuru, ndege aliyopanda ilitekwa ikapelekwa Algeria. Alishikiliwa huko hadi alipofariki tarehe 29 Juni 1969. Ilitangazwa kuwa ni moyo. Alizikwa Ubelgiji.

Leo Mkatanga na Mkasai tunakula sahani moja katika chama hiki, na haikuwa rahisi. Watoto wetu, mkisikia mtu anatangaza nchi mpya, msiangalie bendera kwanza. Ulizeni nani analipa mishahara ya askari, na siku akiacha kulipa, nani atabaki kuzika.