Meja wa Mkono Mmoja Aliyezomewa kwa Kusema Maji Hayatoshi

Angalia ramani ya Marekani, upande wa magharibi. Mipaka mingi ya majimbo imenyooka kama imepigwa rula. Kuna msee alipinga mambo hayo kitambo: John Wesley Powell, aliyezaliwa mwaka wa 1834.

Mwaka wa 1862, akiwa mwanajeshi, alipigwa risasi kwenye vita vya Shiloh, mkono wa kulia ukakatwa. Wengi wangetulia nyumbani. Yeye mwaka wa 1869 alichukua wanaume tisa na mashua nne, wakashuka na mto Colorado hadi Grand Canyon, mahali ramani ilikuwa tupu. Mashua moja ilivunjika, chakula kikaharibika. Mmoja alijitoa mapema; wengine watatu waliacha msafara mwishoni na hawakuonekana tena. Baada ya miezi mitatu walitoka sita.

Kumbe kazi kubwa ilikuwa bado. Alizunguka hiyo nchi kavu akipima, na mwaka wa 1878 akaipa serikali ripoti. Hoja ilikuwa rahisi: ardhi ni nyingi, maji ni kidogo. Hata ukitumia kila tone, utamwagilia sehemu ndogo tu. Kwa hivyo weka rula chini, ufuate mto. Baadaye alipendekeza kila bonde la mto lijisimamie: wakaaji wapange pamoja maji, malisho na misitu ya milimani, kwa sababu anayeishi kwa maji hayo ndiye atakayelinda yanakotoka.

Waliotaka ardhi iuzwe chapchap hawakufurahia. Mwaka wa 1890 Bunge lilimkatia pesa za upimaji. Mwaka wa 1893, kwenye mkutano wa wapenda kilimo cha umwagiliaji mjini Los Angeles, aliwaambia maji hayatoshi na wanapanda mbegu ya kesi. Wakamzomea. Alifariki mwaka wa 1902.

Mwaka wa 1922, majimbo saba yaliafikiana kugawa maji ya Colorado kwa hesabu iliyotegemea miaka ya mvua nyingi. Siku hizi mto huo mara nyingi unakauka kabla ya kufika baharini. Hata bwawa lake kubwa lililopewa jina Lake Powell lilikuwa limebaki na takriban robo tu ya maji mwaka wa 2022. Majimbo bado yanavutana, na vijana wa huko ndio watakaoishi na upungufu ambao meja alishapigia hesabu.