James Watt, fundi aliyepambana na maji ya mvuke

Panda matatu Othaya asubuhi ya Julai uone vile vioo vinatoa jasho. Kondakta anapangusa, dakika mbili jasho limerudi. Ni mvuke umekutana na kitu baridi, ukageuka maji. Maji ya aina hiyo ndiyo yaliyomsumbua James Watt, yule jamaa wa wati unazosoma kwenye balbu.

Watt alizaliwa Greenock, Scotland, mwaka wa 1736, akawa fundi wa vyombo vya kupimia katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Huko alipewa kimodeli cha injini ya Newcomen akitengeneze. Kalikuwa kanapiga mapigo machache kisha kanazima. Shida ilikuwa hii: mvuke ukiingia kwenye silinda, unamwagiwa maji baridi mle mle ndani ili upoe, halafu silinda lazima ipashwe joto upya. Kila pigo! Ni kama kuosha kikaango kwa maji baridi kila ukitoa chapati moja.

Mwaka wa 1765, akitembea Jumapili uwanjani Glasgow Green, jibu likamjia: mvuke ukapoe kwenye chombo kingine, silinda ibaki moto. Wengi huishia hapo wakisimulia. Lakini maji na hewa vikibaki ndani ya chombo hicho, injini inakwama. Kwa hivyo Watt aliweka pampu ya kuvitoa.

Wazo zuri halilipi kodi, si unajua? Mfadhili wake, Roebuck, alifilisika. Watt akawa anapima njia za mifereji ili familia ile. Mwaka wa 1773 alikuwa mbali kwenye kazi hiyo mkewe, Margaret, alipofariki akijifungua. Ni baada ya kuungana na Matthew Boulton mwaka wa 1775 ndipo pesa zilianza kuonekana, na alipofariki mwaka wa 1819 alikuwa tajiri.

Sasa shuka matatu, uingie kiwanda cha chai, sema Chinga au Ragati. Boila inachoma kuni, mvuke unapita kwenye mabomba, feni inapuliza hewa juu yake, hewa hiyo moto inakausha majani. Mvuke ukishatoa joto unakuwa maji. Yasipotolewa, yanakalia nafasi ya mvuke, bomba linapoa, kuni zinateketea bure. Ndiyo maana kuna valvu ndogo inayoachilia maji na kuzuia mvuke. Maji yenyewe, yakiwa bado moto, yanarudishwa kwenye boila. Valvu kama hiyo ikikwama na hakuna anayeangalia, gharama ya kuni inapanda, na anayeihisi ni shosho yako aliyechuma hayo majani, siku ya bonasi.