Lord Onslow: Mwanasiasa aliyeongoza mkataba wa wanyamapori wa Afrika

Msafiri wa treni ya TAZARA anaposhuka stesheni ya Kisaki, mkoani Morogoro, huwa amefika ukingoni mwa pori lililopewa jina la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho, Januari 4, 1917. Tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Selous anajulikana na wengi. Richard Onslow, lodi aliyesimamia kanuni zilizofuatwa katika mapori ya namna hiyo, amesahaulika.

Onslow alizaliwa Agosti 23, 1876, akasoma Eton na Oxford. Baba yake, aliyekuwa Gavana wa New Zealand kati ya mwaka 1889 na 1892, alitetea visiwa vitengwe kuwa makimbilio ya ndege wa asili. Mwana alianza kazi katika ubalozi, na mwaka 1911 alirithi cheo cha baba yake akawa Earl wa tano wa Onslow. Kwa urithi huo, bila kupigiwa kura, aliingia katika Bunge la Malodi.

Katika miaka ya 1920 alishika nyadhifa katika wizara za afya, elimu na vita. Kuanzia mwaka 1931 hadi 1944 alikuwa mwenyekiti wa kamati za Bunge la Malodi.

Mwaka 1926 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha kuhifadhi wanyama wa himaya ya Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1903. Wengi wa waasisi wake walikuwa wawindaji, hata waliowakejeli wakawaita wachinjaji waliotubu.

Kilele cha kazi yake kilikuwa mkutano wa London wa mwaka 1933, alioongoza yeye. Mkataba wake, uliotiwa saini Novemba 8 mwaka huo, ulianza kutumika Januari 14, 1936. Ulizitaka serikali zianzishe hifadhi za taifa, zilinde wanyama walio hatarini na zizuie uwindaji kwa magari na ndege.

Hata hivyo, mkataba huo huo uliwabana wanavijiji. Mitego, mashimo na nyavu, zana za mwindaji asiye na bunduki, vilitakiwa kupigwa marufuku kadiri iwezekanavyo. Pembe iliyookotwa porini ilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Wakulima wa Tanganyika, ambao mashamba yao yaliliwa na tembo, hawakuwa na mjumbe katika mkutano huo.

Onslow alifariki Juni 9, 1945. Serengeti ilikuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1968, huko Algiers, nchi huru za Afrika zilitia saini mkataba wao wenyewe uliochukua nafasi ya ule wa London.

Chama alichokiongoza kipo hadi leo, na tembo wa Selous hawakuisha. Lakini swali lililoachwa mezani mwaka 1933, la nani aamue mpaka kati ya shamba na pori, bado linaulizwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi.